Je, Mlezi wa Mtoto Apimwe?



Kila siku alfajiri, katika vijiji vya bonde la Ruzizi, akina mama huamka na kushika jembe. Pale Luberizi, kando ya barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira, wengine huenda kwenye mashamba ya mpunga na mihogo, wengine hubeba mizigo yao kwenda sokoni. Mtoto mchanga huenda mgongoni mwa mama yake. Lakini yule aliyekwisha kuachishwa ziwa, aliye mzito wa kubebwa na mdogo wa kuachwa peke yake, huyo abaki na nani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: abaki na nyanya yake, au abaki na yaya. Neno hili lenyewe latufundisha. Kwetu Kongo, yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Kule pwani na Nairobi, yaya ni mwanamke aliyeajiriwa kulea mtoto wa watu. Neno ni moja, lakini kati ya maana hizi mbili pana safari ndefu. Yaya wa kwanza ni damu yetu, wala hatukuuliza habari zake kwa mtu. Yaya wa pili ametoka kijiji kingine na kifurushi kimoja mkononi, naye hulipwa mwisho wa mwezi. Siku hizi, mjini na hata vijijini, yaya wa pili ameongezeka. Tangu vita vya mwaka 1996 jamaa nyingi zimetawanyika, na tangu Bukavu ilipotwaliwa na M23 mwezi wa Februari 2025, wengine wametawanyika mara nyingine tena. Nyanya yuko upande mmoja, wajukuu upande mwingine. Basi mtoto anaachwa mikononi mwa mgeni.

Hapo ndipo linapotokea swali letu. Kanyanga yauzwa kwa bei ndogo, bangi haifichwi sana, na vidonge vya tramadoli vinamezwa na vijana wasioumwa kitu. Je, ni haki wazazi wamwambie mlezi: “Kabla hatujakupa mtoto wetu, nenda kwanza ukapimwe, tujue kama unatumia vileo na madawa ya kulevya”?

Wengine watacheka, na kusema jambo hili ni la Wazungu. Ni kweli lilianzia mbali. Mwaka 1986 Rais Reagan wa Marekani alitoa amri ya kupinga madawa ya kulevya katika kazi za serikali, na wafanyakazi wenye kazi za hatari wakaanza kupimwa. Baadaye waajiri wengi wakafuata, na mwisho wazazi nao wakaanza kuuliza habari hiyo kwa wale wanaowalelea watoto. Lakini tusiseme ni mambo ya mbali. Makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo wamepokewa Marekani katika miaka hii, na wengi wao ni watu wa Kivu ya Kusini. Dada zetu na binti zetu huko wamo upande huu na upande ule: mmoja anampeleka mtoto wake kwa mlezi asiyemjua, mwingine ndiye mlezi mwenyewe anayeambiwa alete mkojo katika kikopo. Nao wanatupigia simu na kutueleza. Basi yafaa tulifikiri swali hili kwa utulivu, maana linagusa wanyonge wawili: mtoto asiyeweza kusema, na maskini asiyeweza kukataa.

Wanaosema apimwe

Kwanza tuwasikilize wanaosema ndiyo, tena tuwasikilize vizuri. Wanasema hivi: Mtu mzima akitendewa vibaya atalalamika, atakwenda kwa chifu, atakwenda kwa padre. Mtoto wa mwaka mmoja hana chifu. Akiangushwa hatasema nani alimwangusha. Akiachwa karibu na sufuria ya moto, au karibu na mfereji wa maji ya mpunga, na mlezi amelala kwa ulevi, dakika chache zatosha. Wazazi ndio waliopewa na Mungu kazi ya kumlinda. Wakimkabidhi mtu mwingine kazi hiyo, hawaondokewi na wajibu wao. Watajibu wao wenyewe. Mwenye lori huuliza kama dereva wake ni mlevi. Je, mtoto ana thamani ndogo kuliko gunia za mchele?

Maneno haya yana nguvu, wala hatuwezi kuyapuuza. Anayejibu kwamba “tumwamini kila mtu” hajibu kitu. Mtoto si mali ambayo mzazi aweza kuihatarisha ili aonekane mtu mwema.

Kipimo kinajua nini?

Lakini kabla ya kuuliza kama kipimo ni haki, tuulize kinapima nini. Wengi hudhani kipimo kinaonyesha kama mtu ni mwaminifu. Sivyo. Kipimo cha mkojo hutafuta mabaki ya dawa katika mwili, basi. Na mabaki hayo hayaondoki kwa mwendo mmoja. Mtu akivuta bangi mara moja, alama yake yaweza kuonekana siku chache. Akiwa mvutaji wa kila siku, yaweza kuonekana hata mwezi mzima baada ya kuacha. Lakini kileo cha kawaida hutoka mwilini kwa muda wa saa tu. Matokeo yake ni nini? Msichana aliyevuta bangi wiki mbili zilizopita na ameacha, aweza kukamatwa na kipimo. Na yule anayekunywa kanyanga kila jioni, akaja kupimwa kesho yake mchana, aweza kupita akiwa safi kama malaika. Nasi twajua kwamba kwetu adui mkubwa wa nyumba ni chupa kuliko msokoto.

Tena kipimo chaweza kukosea. Vile vipimo vya haraka vinaonyesha tu kwamba huenda kitu kipo. Ili kuwa na hakika lazima mkojo upelekwe tena katika maabara yenye mashine kubwa. Dawa ya kikohozi yenye kodeini yaweza kumfanya mtu aonekane mtumiaji wa afyuni. Na tramadoli, ambayo ndiyo yatusumbua, haionekani katika vipimo vingi vya kawaida vya afyuni mpaka itafutwe peke yake. Lipo na jambo lililo zito zaidi. Dawa iitwayo efavirenzi, waliyotumia wagonjwa wengi wa ukimwi kwa miaka mingi, imejulikana kuvidanganya baadhi ya vipimo vionyeshe bangi pasipo bangi. Fikirini basi: mwanamke mgonjwa, anayemeza dawa yake kwa uaminifu, anaitwa mvuta bangi, na ili ajitetee, hana budi kufunua ugonjwa wake mbele ya watu wasiostahili kuujua. Atachagua nini? Wengi watanyamaza na kufukuzwa.

Kulinda si kuhukumu

Hapo tunafika kwenye kiini cha jambo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, anapofundisha juu ya hukumu na shuku, atofautisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Tukitafuta dawa ya kuzuia ubaya, asema, ni vema kufikiri kwamba ubaya mkubwa waweza kutokea, maana dawa iwezayo ubaya mkubwa itauweza na mdogo. Lakini tukitoa hukumu juu ya mtu mwenyewe, na jambo halijawa wazi, imetupasa kulichukua kwa upande ulio mwema.

Mfano ni huu. Mwenye nyumba anayefunga mlango usiku hamwiti jirani yake mwizi. Amejilinda tu. Lakini akienda kwa jirani mmoja, yule maskini kuliko wote, akamwambia, “Nionyeshe mifuko yako,” hapo amehukumu. Vitendo vyote viwili vinatoka katika hofu ile ile, lakini kimoja hakimwumizi mtu, na kingine kimemvunjia mtu heshima.

Basi tuulize kila mara: hiki ninachofanya, ni kufunga mlango au ni kupekua mifuko ya jirani? Kufungia dawa zote katika sanduku, kutokuweka pombe ndani ya nyumba penye mtoto, kurudi nyumbani saa isiyotazamiwa, kumwomba jirani apite kutazama: hayo yote ni kufunga mlango. Hayamhukumu mtu. Lakini kumpa msichana kikopo kwa sababu tu ni maskini, ametoka vitani, hana baba wa kumsemea, hayo ni kupekua. Maana tujiulize kwa kweli: mbona dada ya mama, akija kukaa na mtoto, haambiwi akapimwe? Je, pombe haiwajui watu wa ukoo? Mithali yasema kikulacho ki nguoni mwako. Ikiwa kipimo ni kwa ajili ya usalama wa mtoto, kingewahusu wote wanaomshika. Ikiwa kinamhusu mgeni maskini peke yake, basi si usalama tu unaotafutwa. Ni kuonyesha nani bwana na nani mtumishi. Papa Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, aliwaonya wenye mali wasimtazame mfanyakazi kama mtumwa, bali waheshimu utu wake. Onyo hilo halikuwaendea wenye viwanda tu. Lamwendea pia mama mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyemwajiri mtoto wa jirani.

Tena si ajabu kwamba mlezi mwenyewe ni mtoto. Sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16. Nasi sote twajua wasichana wa miaka 12 wanaobeba watoto wa watu mchana kutwa, bila shule, kwa chakula na nguo moja. Mwenye kumwajiri msichana wa namna hiyo, kisha akauliza kama mkojo wake ni safi, ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Hatari isiyoonekana katika kikopo

Kuna hatari nyingine ambayo kipimo cha mlezi hakiwezi kuiona hata kidogo: dawa isiyo ndani ya mlezi bali ndani ya mtoto. Katika karne ya 19 huko Uingereza, wanawake walipokwenda kufanya kazi katika viwanda, watoto waliachwa kwa walezi waliolea wengi pamoja. Ili wanyamaze, walipewa maji matamu yaliyotiwa afyuni, yakiuzwa kwa jina la Godfrey’s Cordial. Watoto walilala, wakakosa hamu ya kula, wakakonda, na wengi wakafa. Huko Marekani iliuzwa dawa nyingine ya kutuliza watoto, Mrs. Winslow’s Soothing Syrup, iliyokuwa na morfini. Mpaka sheria ya mwaka 1906 ilipolazimisha kiandikwe juu ya chupa kilichomo ndani. Walezi wale hawakuwa lazima walevi. Wangepimwa, wengi wangeonekana safi. Walikuwa maskini wenye watoto wengi kuliko mikono yao, na mama waliochoka walitaka usiku wa kulala.

Tusidhani mambo hayo yamekwisha. Kila mahali wapo wanaompa mtoto tone la pombe ili alale, au dawa ya mafua yenye kuleta usingizi. Mwaka 2004 wakuu wa dawa wa Marekani walitaka onyo kali liandikwe juu ya promethazini, ijulikanayo sana kwa jina la Phénergan: asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, maana yaweza kuzuia pumzi hata kuua. Mzazi akirudi jioni na kumkuta mtoto amelala kila siku, mzito, hachezi, hataki kula, asishukuru upesi kwamba mlezi ana mkono mwema. Amwamshe mtoto, atazame, aulize, ampeleke kwa mganga.

Na upo ukatili usiotoka katika kileo wala dawa. Mwezi wa Novemba 2014, jirani zetu wa Uganda walishtuka, na dunia pamoja nao. Baba mmoja wa Kampala aliona alama mwilini mwa mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, akaficha kamera ndani ya nyumba. Kamera ikaonyesha mtumishi akimpiga mtoto na kumkanyaga. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mtumishi alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Habari ile haikuwa ya ulevi. Ilikuwa ya hasira. Na kilichomwokoa mtoto kwanza ni macho ya baba yake aliyetazama ngozi ya mwanawe. Mashine ilithibitisha tu yale ambayo macho yalikuwa yamekwisha kuyaona.

Kinyume chake, mlezi mwema aweza kumdhuru mtoto bila kosa. Katika Kitabu cha pili cha Samweli twasoma habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Habari za vita zilipofika, mlezi wake alimnyakua akakimbia naye, na kwa haraka yake mtoto akaanguka akawa kiwete. Watu wa bonde letu wanaijua haraka ile. Wangapi wamekimbia usiku na mtoto wa mwenziwao mgongoni! Mwanamke yule hakuwa mlevi. Alikuwa peke yake, amebeba mzigo uliozidi nguvu zake.

Basi tufanye nini?

Hatusemi kwamba kupimwa ni kosa siku zote. Mahali ambapo watoto wengi wamekabidhiwa watu wasio wazazi wao, kama shule za watoto wadogo na nyumba za yatima, kanuni ya namna hiyo yaweza kuwa haki, lakini kwa masharti. Kanuni ijulikane kabla mtu hajaingia kazini. Iwahusu wote, tangu mkubwa wa nyumba mpaka mpishi. Apime mganga, si tajiri. Jibu la kipimo cha kwanza lisiwe hukumu mpaka la pili limelithibitisha. Karatasi ibaki siri. Na aliyeonekana kuwa na tabia ya ulevi asaidiwe apone, hata kama hana budi kuondolewa karibu na watoto kwa sasa. Shirika la Kazi la Dunia, katika mwongozo wake wa mwaka 1996 juu ya pombe na madawa kazini, lilikwisha kufundisha kwamba mambo haya yatazamwe kama mambo ya afya, na siri ya mtu ilindwe. Pasipo masharti hayo, kanuni inakuwa fimbo.

Lakini katika nyumba zetu, penye mlezi mmoja na mtoto mmoja au wawili, twaona kwamba kipimo si njia ya kuanzia. Huenda mzazi akauliza: “Na kama nina shaka?” Hapo tutofautishe tena. Kukataa kumwachia mtu mtoto leo ni jambo moja. Kumtangaza mtu kuwa mlevi ni jambo jingine. La kwanza halihitaji maabara. Ukisikia harufu ya kanyanga asubuhi, ukiona macho mekundu na miguu isiyo imara, usimwache mtoto. Hata kama siku hiyo shamba litalala. Huna haja ya ushahidi wa hakimu ili ulinde mtoto wako saa ile. Lakini kumfukuza kwa aibu, kumnyima mshahara wake, na kueneza jina lake kijiji kizima, hayo yahitaji ukweli uliothibitishwa, na hata ukithibitishwa, si kila ukweli ni wa kutangazwa. Watu wengi hufanya kinyume: huogopa kumkosesha shamba siku moja, wakamwacha mtoto, kisha jioni humtangaza mlezi kwa majirani wote kwa shuku tu. Hivyo humkosea mtoto asubuhi, na mlezi jioni.

Kazi ya kila siku ni kumjua mlezi. Ulizeni habari zake kwao alikotoka, kwa jumuiya yake na kwa waliokaa naye. Mlipeni kwa wakati, maana mlezi mwenye njaa hana subira na mtoto anayelia. Mpeni pumziko, mtu aliyeamka saa kumi ya usiku kupika hawezi kuwa macho saa nane ya mchana. Akina mama wa mtaa mmoja waweza kupeana zamu, wawili wakibaki na watoto huku wengine wakilima. Penye watu wazima wawili, mmoja ni macho ya mwenziwe. Nanyi rudini nyumbani siku nyingine mapema bila kusema.

Neno la mwisho ni kwa akina baba hasa. Mlezi hukaa na mtoto mchana, lakini usiku mtoto hukaa nanyi. Baba anayerudi saa nne ya usiku akipiga mlango kwa mateke, akamwangusha mtoto kitandani, je, huyo apimwe na nani? Mwenye kudai mkono safi kwa mtumishi, aulete kwanza wa kwake. Nyumba ambayo wazazi hawalewi, mlezi mlevi hatakaa humo siku nyingi bila kuonekana. Na nyumba iliyozoea harufu ya pombe haitamtambua mlezi mlevi hata akiwa mlangoni.

Wazazi wapenzi, kipimo kitawaambia habari za jana, tena nusu yake. Mtoto wenu anaishi leo. Mtazameni kila jioni: mwili wake, macho yake, jinsi anavyomkimbilia mlezi wake au anavyomwogopa. Na yule msichana aliyekuja kwenu na kifurushi chake, kumbukeni kwamba naye ana mama mahali fulani, ambaye usiku huu anajiuliza binti yake amelala kwa watu wa namna gani.